Cheki ya Bwana Kofia Mbili

Siku nilipokabidhi funguo za kabati la koti, yaani mahakama ya Kericho, karani aliyechukua nafasi yangu aliniuliza kama kuna jambo lolote ambalo halikuandikwa katika mafaili. Nikamwambia yako mengi, lakini mvua ilikuwa inakuja na nilikuwa na gari la kuwahi. Sasa niko nyumbani karibu na ziwa. Sina gari la kuwahi wala kengele ya kunisimamisha, kwa hiyo namjibu yeye na wenzake. Habari za kupandishwa cheo na za mshahara sitazigusa. Za kwanza hazikutokea mara nyingi, na za pili mke wangu alizijua kuliko mimi.

Nilifika Kericho miaka ya ishirini, wakati msitu ulikuwa unafyekwa na miche ya majani chai haijafika magotini. Treni ilinishusha stesheni ya Lumbwa, na kutoka hapo nikapanda juu ya magunia katika gari la maksai. Mvua ya mawe ilitukuta njiani. Niliingia ofisini nguo zangu zikichuruzika maji, na barua niliyopewa misheni imelowa hata jina langu limegeuka doa. Karani mkuu alikuwa Mgoa mnene mwenye miwani, Bwana Menezi. Aliinyanyua ile barua kwa ncha za vidole.

"Hii inasema wewe ni nani?"

"Inasema mimi ni Odero, bwana, na kwamba najua Kiingereza."

"Hiyo ya pili tutaiona," akasema. Akanipa kitambaa nijifute, kisha akanipa kalamu.

Kiingereza changu nilikipata katika Biblia na katika kitabu kimoja cha hesabu. Ningeweza kumweleza mzungu habari za gharika bila kukwama, lakini sikujua misumari inaitwaje. Kiswahili nacho kilikuwa na mitego yake. Wiki yangu ya kwanza ya ukalimani shahidi mmoja Mkipsigis alisimama katika kesi ya jembe lililopotea. Kwa lugha ya kwao herufi za "p" na "b" hazigombani, kwa hiyo aliposema alilipata sokoni, mimi nilisikia bata. Nikamwambia hakimu kuna bata sokoni. Hakimu akaandika bata. Halafu akauliza bata ni wa nani, na shahidi akashangaa, na mshtakiwa akaapa kwamba hajaiba bata yeyote maishani mwake. Tulipoteza robo saa kumtafuta yule bata mpaka Bwana Menezi alipokohoa mlangoni.

Hakunigombeza. Alinifundisha kazi, kila siku kidogo. Wino ukikosea, usikwangue kwa wembe, maana karatasi iliyokwanguliwa inaonekana kama ya mwizi. Piga mstari mmoja, andika neno la kweli juu yake, tia sahihi yako. Kunywa maji kabla ya kesi, si chai, kwa sababu mkalimani hawezi kuomba ruhusa katikati ya kiapo. Na kubwa kuliko yote: usimnyooshee shahidi maneno yake. "Akisema upuuzi," aliniambia, "mpe hakimu upuuzi wote, usipunguze hata chembe. Hakimu analipwa kuuchambua. Wewe hulipwi kwa hilo." Nilidhani nimemwelewa. Kesi ya cheki ndiyo iliyonionyesha kwamba nilikuwa bado.

Kesi hiyo ilikuja miaka ya thelathini, bei ya mahindi ilipoanguka na walowezi wengi wakawa na mashamba makubwa na mifuko mitupu. Upande wa Kedowa alikuwako mmoja tuliyemwita Bwana Kofia Mbili, kwa kuwa alivaa kofia mbili laini, moja juu ya nyingine, kwa kuogopa jua. Alikuwa amejaribu kitani, akajaribu ngano, sasa alikuwa anajaribu mahindi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kungoja msimu ujao.

Alimwajiri fundi seremala, Zakaria, Mragoli aliyekuja kwetu kutengeneza vichanja vya kunyaushia majani chai. Zakaria alikuwa mtu mfupi, mtulivu, na sanduku lake la zana lilikuwa na kufuli kubwa kuliko mlango wa nyumba yake. Alimjengea Bwana Kofia Mbili ghala la mahindi, akalimaliza vizuri, na siku ya malipo akapewa cheki.

Zakaria hakuwa na benki. Benki ilikuwa Kisumu. Kwa hiyo akaichukua ile cheki mpaka kwa Kanji, Mhindi mwenye duka, ambaye alimjua kwa miaka mingi. Kanji akamwambia atie sahihi mgongoni. Zakaria akatia, kwa herufi kubwa za shule ya Jumapili, akapewa mabati ya nyumba yake, misumari, na pesa zilizobaki akawalipa wasaidizi wake. Kila mtu akaenda zake akifurahi. Kanji akaipeleka cheki Kisumu, na ikarudi. Benki ilikuwa imeandika juu yake kwa wino mwekundu kwamba aulizwe aliyeiandika, na hiyo ni njia ya adabu ya benki kusema hakuna kitu.

Kanji hakumwambia Zakaria neno. Miezi miwili baadaye Zakaria akaletewa samansi. Kanji alikuwa anamdai thamani yote ya cheki, na kama hana, sanduku la zana liuzwe.

Alikuja ofisini kwangu na samansi mkononi, amekasirika mpaka masikio yanacheza.

"Karani, mimi nimejenga ghala. Liko pale limesimama. Sasa nashtakiwa kwa nini?"

"Kwa sahihi yako ya mgongoni, fundi."

"Kanji mwenyewe ndiye aliniambia nitie! Kama angeniambia nitie paka, ningetia paka."

Nikamwambia hayo ayaseme mbele ya hakimu. Ndivyo tulivyofundishwa: mkalimani hana upande.

Siku ya kesi chumba kilijaa. Mafundi wa mashambani walikuja kuona kama kutia sahihi ni hatari, na wenye maduka walikuja hata kutoka Litein kuona kama si hatari ya kutosha. Hakimu alikuwa mgeni. Alikuwa mzungu mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi, na Kiswahili chake kilitosha kuagiza maji ya moto tu. Kila neno lilipita kwangu.

Kanji alieleza upesi: alipokea cheki, alitoa mali, cheki ikarudi, na mgongoni kuna jina la Zakaria. Hakimu akaitazama cheki pande zote mbili, akafungua kitabu chake cha sheria, akasoma kimya. Kisha akaniambia nimwulize Zakaria kama Kanji alimpa notisi cheki iliporudi.

Hilo neno nililijua, au nilidhani nalijua. Nje ya ofisi yetu kulikuwa na ubao, na karatasi zilizobandikwa pale ziliitwa notisi: notisi ya kodi, notisi ya ugonjwa wa ng'ombe. Kwa hiyo nikamgeukia Zakaria nikamwuliza bila wasiwasi:

"Hakimu anauliza, Kanji alikuwekea tangazo?"

Zakaria akakunja uso, akafikiri. "Ndiyo," akasema, "tangazo lake liko pale. Tangu zamani."

Mimi nikamwambia hakimu kwa Kiingereza changu kizuri: ndiyo, alinipa notisi tangu zamani. Niliyanyoosha maneno. Yale ya Zakaria yalikuwa yamepinda kidogo, nikayapiga pasi. Hakimu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona njia, akaandika, akasema hukumu atatoa saa nane baada ya chakula.

Nilikwenda nyuma ya ofisi, nikakaa kwenye gogo. Zakaria akaja akakaa upande mwingine wa gogo hilohilo, akafungua kitambaa chenye viazi vitamu, akanipa kimoja. Nilikuwa na njaa. Nikala.

"Karani," akasema akitafuna, "wazungu ni watu wa ajabu. Kwa nini hakimu ameuliza habari za kibao cha Kanji?"

"Kibao gani?"

"Si kile cha mlangoni? Kile kimeandikwa leo hakuna mkopo. Kiko pale tangu nije nchi hii."

Niliacha kutafuna. Nikamwacha Zakaria pale, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Menezi, aliyekuwa anakula wali wake mezani, na nikamwuliza notisi ya cheki maana yake nini.

Akaweka kijiko chini. Akanieleza polepole. Cheki si pesa, alisema. Ni barua ya kumwambia mwenye benki alipe. Anayetia sahihi mgongoni ni kama anamwambia anayeipokea, benki ikikataa, njoo kwangu. Lakini naye ana haki yake. Cheki ikirudi lazima aarifiwe upesi, ili naye amkimbilie aliyeiandika wakati bado ana kitu. Akikaliwa kimya mpaka miezi inapita, sheria inamfungua. "Kesi nzima imesimama juu ya neno hilo moja," akasema. "Kwani wewe umelisemaje?"

Nikamwambia. Akavua miwani.

"Na umekula nini? Una kitu mdomoni."

"Kiazi kitamu, bwana."

"Cha nani?"

Wote wawili tulikuwa tunafikiria jambo lilelile. Mwezi uliopita mkalimani wa koti moja ya mbali alikuwa amefukuzwa kwa kula kuku wa mdaiwa. Na mimi sasa, baada ya kukaa gogo moja na Zakaria mbele ya macho ya nusu ya watu wa soko, nilitaka kurudi kwa hakimu kubadili jibu lililompendeza Kanji liwe jibu la kumpendeza Zakaria. Nani angeniamini? Nilikuwa na mke, na mtoto wa tatu alikuwa njiani. Kama ningenyamaza, hakuna mtu angejua. Zakaria mwenyewe asingejua. Angeliona sanduku lake linabebwa na kulaumu kibao cha dukani.

"Ukiniuliza nifanye nini," Bwana Menezi akasema, "nitakwambia, halafu litakuwa langu. Kwa hiyo usiniulize." Akachukua kijiko, akaendelea kula.

Nikapiga hodi kwa hakimu. Alikuwa anasoma gazeti lililochelewa wiki sita. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: tangazo, kibao, kiazi. Kiazi nilikitaja mapema, maana niliona ni afadhali kitoke kinywani mwangu kuliko kwa mtu mwingine. Alikunja gazeti. Kisha akauliza kiazi kilikuwa kikubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono, nikakizidisha kidogo kwa hofu. Akakohoa, na mpaka leo sijui kama alikuwa anakohoa kweli.

"Utayasema hayo ndani ya koti," akaniambia, "kwa Kiingereza na kwa Kiswahili."

Saa nane ilipofika, hakimu akatangaza kwamba kuna kosa la tafsiri, na mkalimani atalieleza. Mimi ndiye mkalimani. Kwa hiyo nikasema kosa langu kwa Kiingereza, hakimu akaliandika, kisha nikajigeukia kana kwamba mimi ni shahidi mwingine nikajitafsiri kwa Kiswahili, bila kupunguza. Nilipofika kwenye kibao cha leo hakuna mkopo, chumba kizima kilipasuka kwa kicheko, hata askari wa mlangoni akageuka ukutani. Nilipofika kwenye kiazi, hawakucheka. Wenye maduka wakaanza kunong'onezana, na nikasikia sauti nyuma ikisema, "Amenunuliwa huyo." Jasho lilinitoka mpaka kola ikalegea.

Hakimu akagonga meza. Akasema kwa kuwa mkalimani amekula na upande mmoja, hatamwuliza Zakaria tena. Atamwuliza Kanji, na atamwuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe. Akajikusanya, akamtazama Kanji, akasema sentensi ambayo nadhani alikuwa ameitengeneza tangu saa sita:

"Kanji. Cheki rudi. Wewe ambia Zakaria siku gani?"

Kanji alikuwa amesimama ameshika kofia yake nyeusi. Alielewa vizuri kabisa. Jibu moja lingempa sanduku la zana na jingine lingemnyima. Na ukimwacha Zakaria, ambaye hangeulizwa tena, hakuna mtu aliyejua ukweli isipokuwa yeye. Alimtazama Zakaria, akanitazama mimi, akatazama sakafu.

"Mimi sikuambia yeye," akasema mwishowe. "Mimi nilikwenda kwa Bwana Kofia Mbili. Yeye akasema, Kanji, ngoja mavuno, benki itajaa. Yeye mteja wangu miaka kumi. Mimi nikangoja. Nikaona haya kumwambia fundi, nikangoja tena. Halafu nikashtaki fundi, kwa sababu fundi iko karibu."

Wenye maduka waliguna. Mmoja alimwita mjinga kwa Kihindi, na hilo sikuombwa kulitafsiri. Lakini mimi nilimwangalia yule mtu kwa shukrani.

Hakimu alitoa hukumu palepale. Zakaria hadaiwi kitu. Aliyetia sahihi mgongoni na asiarifiwe kwa wakati amefunguliwa. Lakini aliyeiandika cheki hajafunguliwa, na Kanji anaweza kumshtaki kesho. Mimi nilikatwa sehemu ya mshahara, nikaandikiwa barua ya onyo, na chini ya onyo hilo hakimu akaongeza mstari mmoja kwamba karani huyu abaki kazini.

Zakaria alinikuta nje. "Karani," akasema, "nimebakiza viazi viwili."

"Kula mwenyewe," nikamwambia.

Bwana Kofia Mbili aliitwa mwezi uliofuata. Alikuja amevaa zote mbili. Alijitetea kwamba naye hakupewa notisi rasmi, na kama fundi amefunguliwa kwa hilo, basi na yeye afunguliwe. Lilikuwa wazo zuri, na safari hii neno nililitafsiri barabara. Hakimu akamwuliza, siku alipoiandika cheki alikuwa na pesa benki? Hakuwa nazo. Alijua? Alijua, lakini alikuwa anatarajia. Hakimu akamwambia mtu anayejua benki haina chake hahitaji kuarifiwa kwamba haina. Wizi hakuuona, kwa sababu Bwana Kofia Mbili kweli alitarajia, na kila aliyemjua alijua kutarajia ndiko kulikuwa shamba lake kubwa. Lakini deni alimbandika, lote.

Pesa taslimu hakuwa nayo. Alikuwa na maksai wanane na gari lenye gurudumu lililovunjika, na Kanji akakubali. Baada ya kukubali ndipo alipokumbuka kwamba dini yake haimruhusu kumuuza ng'ombe kwa mchinjaji, na kwamba nyuma ya duka lake palitosha mbuzi mmoja. Akaenda kwa Zakaria. Sijui walizungumza nini, kwa sababu safari hii hawakumhitaji mkalimani, lakini Zakaria alitengeneza lile gurudumu bila malipo, kisha wakakubaliana kubeba masanduku ya chai mpaka stesheni na kugawana faida. Walifanya hivyo miaka mingi. Mara mbili niliwasikia wakigombana dukani, na mara zote mbili ni kuhusu ng'ombe gani apumzike.

Siku ya kukabidhi maksai nilitumwa kushuhudia. Tulisimama barabarani Kedowa, asubuhi ya jua zuri, majani ya chai yaking'aa upande wa pili wa bonde. Bwana Kofia Mbili alimtaja kila ng'ombe kwa jina na kumpiga kofi la kwaheri mgongoni. Zakaria akawafunga kwenye gari, Kanji akashika mjeledi asioujua ncha wala shina, akapiga kelele kwa Kihindi. Maksai hawakutikisika. Zakaria akajaribu Kiragoli. Hakuna kitu. Kanji akanigeukia.

"Karani, wewe mkalimani. Ambia hawa twende."

Nikawaambia kwa Kiswahili, nikawaambia kwa Kijaluo, na kwa kuwa bwana wao wa zamani alikuwa amesimama pale, nikawaambia kwa Kiingereza. Mmoja alicheua. Kando ya barabara alikuwa amekaa mwendeshaji wao, arap Tonui, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amebaki bila bwana na bila kazi, na ambaye alikuwa anatutazama sote kwa furaha kubwa.

"Hao wanasikia Kipsigis tu," akasema. "Na mimi nani ameniandika kazi?"

Kanji alimtazama Zakaria. Zakaria akamtazama Kanji. "Umeandikwa," wakasema pamoja.

Arap Tonui akainuka bila haraka, akajipangusa nyasi, akapiga mluzi mmoja na kusema neno moja ambalo sikulielewa. Maksai wote wanane wakaondoka mara moja, wakashika mteremko, na Kanji akalazimika kushika kofia yake na kukimbia nyuma yao huku akipiga makelele wamngoje.

Nilirudi ofisini, nikafungua faili, nikaandika kwamba mdai amepokea mali yake yote. Sikuandika kwamba mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anaikimbiza.